Kusomewa Kwanza, Hospitali Baadaye

Katika miji na vijiji vya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani Unguja na Pemba, kijana anapoanza kuongea peke yake usiku kucha, akakataa chakula kwa hofu kwamba mama yake amemtilia sumu, jamaa hawaulizi kwanza hospitali iko wapi. Huuliza nani atamsomea. Atatafutwa mwalimu wa madrasa ya mtaani, au sheikh anayejulikana kwa kisomo chake, na siku hiyohiyo udi utafukizwa na mgonjwa atasomewa. Hospitali itakuja kutajwa baada ya wiki, miezi, pengine miaka. Wala si pwani peke yake. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali za Afrika uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu wanaofika kwenye huduma rasmi za magonjwa ya akili walianzia kwa waganga wa jadi au kwa watu wa dini.

Mjadala juu ya jambo hili umezoea kwenda kombo. Kuna wasomi wanaokiona kisomo chote kuwa ujinga wa kale, na kuna wanaoapa kwamba dawa za hospitali ya vichaa zinamfanya mtu zuzu na hazina lingine. Kwa maoni yangu wote wanagombania mahali pasipo na ugomvi. Dini haijamtaka Mwislamu achague kati ya Kurani na tabibu. Linalotuumiza ni muda: mgonjwa anakaa siku ngapi mikononi mwa yule anayemwona kwanza, na huyo anayemwona kwanza anasema nini kuhusu hospitali.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo, kwa sababu wanaoitwa "watu wa tiba ya dini" hawafanyi kazi moja. Yupo anayeandika kombe: aya huandikwa kwa zafarani na marashi ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Yupo anayetengeneza hirizi. Yupo mtu wa falaki, anayehesabu herufi za jina la mgonjwa na la mama yake ili aijue nyota yake. Katika miongo ya karibuni wamezidi wasomaji wa ruqya, ambao husoma Fatiha, Ayatul Kursiyyu na sura za kinga juu ya mgonjwa, wakapulizia kwenye maji au mafuta ya zeituni, na wengi wao huwakataa hao wa hirizi na falaki kwa ukali. Kando yao kuna mafundi wa pepo, wenye ngoma na ubani, ambao Unguja watakutajia makabila ya pepo moja baada ya jingine: ruhani, rubamba, kibuki.

Masheikh wamegombana juu ya mipaka hii muda mrefu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alitumia kalamu yake kuwaonya Waislamu wa pwani dhidi ya mambo aliyoyaona kuwa ushirikina uliovikwa kanzu. Mgogoro huo bado upo misikitini. Lakini familia yenye mgonjwa haikai kuuchambua. Jumatatu watakunywa kombe, Alhamisi watasomewa ruqya, na shangazi mmoja atapenya kimya kimya kwa fundi.

Sasa tuangalie urithi wenyewe unasema nini, maana hapa ndipo hoja nyingi za mitaani zinapoanguka. Kisomo kina msingi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya masahaba waliokuwa safarini, mkuu wa watu wa mahali pale akadungwa na nge, mmoja wao akamsomea Fatiha akapona, na Mtume (s.a.w.) hakulikataza jambo hilo. Sheikh anayeisoma Fatiha juu ya mgonjwa wa sonona hajazua kitu. Lakini katika Sunan ya Abu Daud imepokewa pia habari ambayo ingefaa isomwe kwenye kila darasa la ruqya. Saad bin Abi Waqqas aliugua, Mtume akamzuru, akaweka mkono wake kifuani mwake, kisha akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada, mtu wa kabila la Thaqif aliyejulikana kwa utabibu. Mkono ulikuwa na baraka kuliko mkono wowote utakaowekwa juu ya mgonjwa leo, na bado mgonjwa alielekezwa kwa daktari.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye wasomaji wa ruqya humtaja zaidi kuliko mtu mwingine, aliandika waziwazi kwamba kuanguka na kupoteza fahamu kuko kwa namna mbili: kwa pepo, na kwa maradhi ya mwili ambayo matabibu wanayajua na wanayatibu. Hakusema kila aangukaye ana jini. Karne nne kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi (850–934) alikwisha kuandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na moja ya afya ya nafsi, akazichambua hofu, huzuni, hasira na fikra zinazomng'ang'ania mtu. Miji ya Kiislamu ilijenga hospitali zenye sehemu za wagonjwa wa akili: ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo ya mwaka 1284, ile ya Argun mjini Aleppo ya mwaka 1354 yenye nyua na chemchemi za maji. Watu waliozijenga walikuwa wakisoma Kurani ileile.

Nikae kidogo kwenye wasiwasi, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo fikihi na saikolojia zinakutana kwa karibu hivi. Kila msikiti una mtu wake: anatia udhu mara kumi, anarudia takbira hadi rakaa ya kwanza inampita, anafua nguo safi kwa kudhani imeguswa na najisi. Watu humcheka au humsifu kwa uchaji. Hospitali inamjua kama mgonjwa wa fikra zinazojirudia, na tiba yake iliyothibitika ni kumzoesha akae na shaka bila kuitii: atie udhu mara moja, aondoke, aiache hofu ipande hadi ishuke yenyewe. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi na mwandishi wa Tuhfa, ambayo wanafunzi wa pwani wameisoma vizazi na vizazi, aliulizwa katika karne ya 16 dawa ya wasiwasi ni nini. Jawabu lake lilikuwa kutoujali kabisa, hata shaka ikiwa kubwa namna gani, kwa sababu anayeusikiliza huzidi. Mtaalamu wa saikolojia wa leo angetia sahihi chini ya jawabu hilo. Hapa sheikh ana nguvu ambayo daktari hana: anaweza kumwambia mgonjwa kwa mamlaka ya sheria kwamba udhu wa mara moja umekubalika na kwamba kuurudia ndiko kunakokatazwa. Ruhusa hiyo hospitali haiwezi kuiandika kwenye cheti. Anachopaswa kujiepusha nacho sheikh ni kumjibu mgonjwa huyo kila siku swali lilelile, maana kila jawabu jipya linakuwa udhu mwingine.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kisomo hakina kazi. Mtu mwenye sonona anayesomewa nyumbani hayuko peke yake. Jamaa wamemzunguka, dada yake ameacha shughuli zake, na maneno anayoyasikia ni yale aliyolelewa nayo. Familia inayosema "ana jini" inasema pia kwamba lililompata limetoka nje, si tabia yake wala aibu ya ukoo. Binti aliyetolewa jini ataposwa, na binti aliyelazwa hospitali ya akili, Mirembe au Mathari, watu watamuulizia mara mbili. Haya ni mambo mazito katika maisha ya mtu, na daktari anayeyadharau atampoteza mgonjwa wake kabla ya miadi ya pili.

Lakini kuna maradhi ambayo kusomewa peke yake hakuyatoshi, na ndiyo yanayoharibu maisha yakicheleweshwa. Skizofrenia ni mojawapo: kadiri mtu anavyokaa bila dawa tangu sauti zilipoanza, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu. Kifafa ni jingine. Kidonge cha fenobabitali, cha bei nafuu na cha zamani, kinaweza kumzuia mtoto asiangukie jikoni. Linalonitia hofu kuliko yote ni la mzazi ndani ya arobaini.

Desturi zetu zinamlinda mzazi kwa uangalifu mkubwa: haachwi peke yake, nyumba inafukizwa ubani, mtoto anafungwa mvuje, magharibi inapoingia milango inafungwa. Watu wanajua kwamba siku zile ni za hatari, na wako sawa. Katika kila wazazi 1,000, mmoja au wawili hupatwa na ugonjwa mkali wa akili baada ya kujifungua, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Hauji taratibu. Mwanamke aliyekuwa mzima juzi leo halali, anasema mtoto si wake, anaona watu wasioonekana. Kila dalili inafanana na ile tuliyofundishwa kwamba ni jini, kwa hiyo anasomewa, na anasomewa siku ya pili na ya tatu, huku yeye na kichanga wakiwa hatarini kila saa. Ugonjwa huu unatibika vizuri ukiwahiwa, na wengi hurudi katika hali yao kamili. Mkunga, bibi na sheikh wakijua jambo hili moja tu, kwamba mzazi asiyelala na anayemkana mwanawe apelekwe hospitali usiku huohuo, na kisomo kiendelee njiani na wodini, kuna akina mama na watoto ambao wangekuwa hai.

Vivyo hivyo mtu mzima aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka humfanya mtu apige kelele na asiwatambue wanawe. Wenye umri mkubwa wanakumbuka jinsi watoto wenye degedege walivyokuwa wakipelekwa kwa mganga kwanza, kwa imani kwamba sindano ingewaua. Wengi walikufa kwa malaria.

Sasa madhara yenyewe. Kombe halijamuua mtu. Kinachoua ni kumpiga mgonjwa kwa bakora ili "jini aseme jina lake", kumnyima chakula na usingizi, kumfunga minyororo, na kumwambia atupe vidonge kwa sababu eti dawa na Kurani havikai pamoja. Sijaona msingi wa kauli hiyo ya mwisho kwa mwanachuoni yeyote anayeheshimika, na ndiyo inayosemwa zaidi. Kuna pia wanaume wanaojifungia chumbani na wanawake wagonjwa, jambo ambalo sheria inalikataza hata kwa wazima. Msomaji anayemtaka maharimu atoke nje hafai kungojewa amalize. Na kuna fedha: nyumba zimeuzwa, mifugo imeuzwa, kila wiki jini ana sharti jipya.

Nchini India, kijijini Erwadi katika jimbo la Tamil Nadu, familia zilikuwa zikiwapeleka wagonjwa wa akili kukaa karibu na kaburi la walii kwa matumaini ya baraka. Tarehe 6 Agosti 2001 moto uliwaka katika nyumba moja ya kuwahifadhi. Wagonjwa walikuwa wamefungwa minyororo. Watu 28 walikufa. Taifa lile lilishtuka, na kulikuwa na kishindo cha kutaka maeneo kama hayo yafungwe. Lakini katika jimbo la Gujarat, kwenye dargah ya Mira Datar kijijini Unava, walijaribu njia nyingine waliyoiita kwa maneno ambayo Mswahili hahitaji kufasiriwa: dawa na dua. Wahudumu wa kaburi walifundishwa kutambua ugonjwa wa akili, na daktari akawekwa palepale. Mgonjwa anaombewa, kisha mhudumu yuleyule aliyemwombea anamwambia aende akamwone daktari, na familia inakwenda kwa sababu aliyesema ni yeye.

Afrika nayo ina historia yake ya kukutanisha hawa wawili. Tigani al-Mahi wa Sudan, mmoja wa waasisi wa tiba ya akili barani, alifanya kazi na waganga na watu wa dini badala ya kuwafukuza, na Thomas Adeoye Lambo alifanya hivyo Abeokuta, Nigeria, kuanzia miaka ya 1950. Ushahidi wenye uzito zaidi ulichapishwa mwaka 2020. Katika utafiti uliofanyika Ibadan na Kumasi, wagonjwa zaidi ya 300 wenye maradhi makali ya akili waliokuwa wakikaa kwa waganga na kwenye vituo vya maombi waligawanywa: kwa baadhi, wahudumu wa afya waliwatembelea na kushirikiana na mwenye kituo, kwa wengine mambo yaliachwa kama kawaida. Baada ya miezi 6, waliopata ushirikiano walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Hawakuhamishwa. Tiba iliwafuata walipokuwa.

Utafiti mwingine wa Ghana, katika kambi moja ya maombi ya Kikristo, unatuzuia tusishangilie mapema. Wagonjwa waliopewa dawa pale kambini walipata nafuu, lakini siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua. Mnyororo hauondoki kwa kidonge. Unaondoka kwa mtu mwenye mamlaka kuukataza, na kwa Waislamu mamlaka hiyo wanayo masheikh kabla ya serikali. Wanafundisha kila siku kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa aliyepotewa na akili, kwamba hahesabiwi dhambi hadi akili zimrudie. Asiyehesabiwa na Mola wake anafungwaje kwenye mti uani na ndugu yake?

Mtu asidhani lawama zote ni za upande mmoja. Mathari ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia wendawazimu wa koloni, na harufu ya gereza haijatoka kabisa katika hospitali za aina hiyo. Daktari mwenye foleni ndefu humpa mgonjwa dakika chache, haulizi wanaamini nini, na akisikia neno jini hutabasamu. Kisha anaandika haloperidoli bila kueleza. Usiku ule shingo ya kijana inapinda, macho yanageuka juu, ulimi unakakamaa. Daktari yeyote anajua kwamba hayo ni madhara ya dawa na kuna kidonge cha kuyatuliza. Familia haikuambiwa. Wanachokiona ni jini limekasirika kwa kuchokozwa na dawa, na ningekuwa pale bila maelezo ningeona hivyohivyo. Vidonge vinatupwa, sheikh anaitwa, na wiki ikipita shingo imenyooka, kwa sababu dawa imetoka mwilini. Ushahidi umepatikana kwamba kisomo kimeshinda. Maelezo ya dakika tano siku ya kwanza yangezuia yote hayo.

Ramadhani inatoa mfano mwingine wa kazi ambayo lazima ifanywe na wawili. Mgonjwa wa hisia mseto (bipolar) anayetumia lithiamu akifunga bila maji siku nzima ya joto la Mombasa, dawa inaweza kuzidi mwilini ikamdhuru. Daktari ajue kupanga dozi kati ya futari na daku pale inapowezekana, na sheikh amwambie waziwazi, pale isipowezekana, kwamba ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya Kurani na inamhusu mgonjwa wa akili kama inavyomhusu wa figo. Wengi huacha dawa mwezi huo kwa kuogopa kuulizwa na majirani kwa nini hawafungi.

Wapo watu wengine wa dini ambao tunawasahau. Kadhi, Mombasa au Unguja, husikiliza kesi za ndoa zilizovunjwa na ugonjwa ambao haukutajwa jina. Fikihi ya Shafi inautambua wazimu kuwa sababu ya kuvunja ndoa, lakini kadhi mwenye namba ya simu ya muuguzi wa afya ya akili anaweza kuagiza tiba ijaribiwe kabla ya hukumu. Imamu naye huulizwa kama aliyejiua aswaliwe. Anachokisema mimbarini siku hiyo kinasikilizwa na mtu aliyekaa safu ya nyuma akiwaza jambo hilohilo. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kumshitaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Mahubiri mengi bado yanamshitaki.

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kuwasajili waganga. Msomaji wa ruqya hajihesabu kuwa mganga na hupenda asiitwe hivyo, kwa hiyo wengi wao wanafanya kazi bila kuulizwa na mtu. Ningependa usimamizi wao uwe mikononi mwa taasisi za dini zenyewe, Ofisi ya Mufti visiwani na BAKWATA bara, kwa masharti machache yasiyo na ubishi: hakuna kupiga, hakuna kufunga, hakuna kuzuia dawa, mwanamke asisomewe faraghani, na mgonjwa asiyepata nafuu kwa siku chache apelekwe hospitali. Masheikh wengi waadilifu wanayafuata haya tayari, na wangefurahi kutenganishwa na matapeli.

Lakini sheikh anayempeleka mgonjwa lazima awe na pa kumpeleka. Familia inayotoka kijijini kwa basi na boti, ikalala kwenye ukumbi wa hospitali, kisha ikaambiwa dawa zimekwisha ikanunue duka la nje, itarudi kwa yule aliyeipokea siku ya kwanza bila kuidai karatasi. Sheikh naye ataona aibu kuituma tena. Dawa nyingi zinazohitajika hapa ni za zamani na za bei ya chini: fenobabitali, haloperidoli, sindano ya mwezi. Kabla wizara hazijaandaa semina nyingine ya viongozi wa dini, zikague kwanza stoo za dawa za wilaya, na zimpe muuguzi wa afya ya akili nauli ya kufika msikitini.